Pampu Iliyozinduliwa Mara Kumi na Tano

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi wasomaji: nchi ya Fadhilani haipo popote. Msiitafute kwenye ramani, wala msimwangalie jirani yenu kwa jicho la pembeni mkidhani ndiye ninayemsema. Mambo ninayoyaeleza hayawezi kutokea katika nchi yenye watu wazima. Yalitokea Fadhilani tu, nami niliyaona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa Katibu wa Klabu ya Waungwana Watumishi kwa miaka sita mfululizo, na beji nilikuwa nayo.

Fadhilani ni nchi yenye huruma kupita kiasi. Ina Wizara ya Hisani na Picha za Pamoja, ina Siku ya Kitaifa ya Kugawa, na ina Sheria ya Misaada ambayo kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba msaada usiopigwa picha utahesabiwa kuwa haukutolewa. Kifungu cha pili kinadai mgeni rasmi. Cha tatu kinadai shukrani. Kuhusu msaada wenyewe sheria haisemi sana. Nadhani walioitunga walikuwa wamechoka walipofika hapo.

Klabu yetu ilikuwa na wanachama thelathini na wawili, na kila mmoja aliitwa Mtumishi. Mwenye kiwanda cha saruji alikuwa Mtumishi, mwenye mabasi alikuwa Mtumishi, na kiongozi wetu, Dokta Fulgence Mapunju, alikuwa Mtumishi Mkuu. Tulikutana kila Alhamisi saa saba mchana katika hoteli kubwa kuliko zote mjini, tukagonga kengele, tukasimama kutamka kaulimbiu yetu, “Tunatoa, Tunaonekana”, kisha tukala. Wale waliotuletea sahani, wakatumiminia maji na kufuta meza tulipomwaga mchuzi, hatukuwaita watumishi. Hao tuliwaita “wee kijana”, hata wenye mvi.

Kila mwaka Wizara hutoa Kombe la Shukrani kwa klabu iliyoshukuriwa kuliko zote. Si iliyotoa kuliko zote, iliyoshukuriwa. Zamani tulikuwa tunashika nafasi ya tisa au ya kumi, maana tulikuwa na ushamba wa kutoa kwanza ndipo tushukuriwe. Aliyetufumbua macho ni Madam Perpetua, mke wa mwenye mabasi na Mwenyekiti wa Kamati ya Shukrani. Alhamisi moja alisimama na kijiti cha meno mkononi, akauliza:

“Jamani, msaada unataka lori, unataka mafundi, unataka miezi. Shukrani inataka nini?”

Tukatazamana.

“Watu na midomo yao tu,” akasema. “Sasa kwa nini kilicho chepesi kikae kinangoja kilicho kizito?”

Tulipiga makofi mpaka vijiko vikaruka. Tangu siku hiyo tukaanza kuchukua shukrani mapema, na mwaka uleule kombe likaja kwetu.

* * *

Ndipo ikaja pampu. Ilikuwa pampu ya kisima, ya mkono, rangi ya kijani, yenye mpini mrefu unaong'aa. Tuliinunua kwa nia njema kabisa, tukaifunga juu ya kisima cha zamani cha kijiji kimoja ambako watu walikuwa wanavuta maji kwa kamba. Tatizo lilijitokeza siku ileile alasiri, Mtumishi Mkuu alipowaona wanakijiji wanaishika. Akatuita pembeni.

“Angalieni,” alisema kwa uchungu. “Wanaitumia. Kitu kikitumika kinachakaa. Kikichakaa, kijiji kinachofuata tutazindua nini?”

Tukaing'oa, tukaipakia kwenye lori, tukawaambia wanakijiji inakwenda matengenezo. Bango tuliwaachia. “MRADI HUU WA MAJI MMELETEWA NA WAUNGWANA WATUMISHI.” Lilikuwa bango la chuma, kubwa, lenye kivuli cha kutosha watu wanne, na katika nchi kavu kivuli nacho si kitu cha kudharau.

Kuanzia hapo pampu yetu ilizinduliwa katika vijiji vingine kumi na vitatu. Vingine havikuwa na kisima kabisa, lakini kisima ni cha awamu ya pili. Fundi wetu alifukia pipa chini ya pampu, boza likalijaza maji ya mjini, mgeni rasmi akasukuma mpini mara tatu, maji yakatoka, picha ikapigwa. Pipa lilitosha mgeni rasmi kunawa, mkewe kunawa, na bibi kizee mmoja wa kijijini kukinga kikombe na kutabasamu. Bibi kizee tulimchagua siku tatu kabla. Asiwe na meno mengi, lakini pia asiwe hana kabisa.

* * *

Kijiji cha kumi na tano kilikuwa Ngulunde. Maji ya Ngulunde yako chemchemi ya Lukwale, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi kwa mwenye miguu mizima. Zahanati wanayo, yenye nesi mmoja, Nesi Skola, na bomba moja lisilotoa hata upepo. Kwa hiyo zahanati ina utaratibu wake: mama anayekwenda kujifungua anakwenda na madumu mawili ya maji. Dumu la kwanza ni la mikono ya nesi na vyombo vyake. La pili ni la kumwosha mama na mtoto. Mwenye dumu moja anapokelewa, maana Nesi Skola hana roho ya kumfukuza mtu, lakini hapo kila kitu kinakuwa cha kubahatisha.

Hayo niliyajua kwa Bi Mwajabu Kitwana. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Binti yake, Tatu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwaka juzi Tatu alijifungua kwa dumu moja, kwa sababu la pili lilipasuka njiani, na mtoto akafa siku ya nane. Bi Mwajabu alilieleza hilo mbele ya watu wote siku Kamati ya Shukrani ilipokuja Ngulunde kuwafundisha kushukuru. Madam Perpetua alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia niandike kwamba yule mama sauti yake inafaa kwaya.

Mafunzo yalichukua siku nzima. Kushukuru kwa Fadhilani si jambo la kukurupuka. Mikono iwe miwili, magoti yakunjwe kidogo, macho yaelekee kwa mgeni rasmi na si kwa kamera, kisha asante itamkwe mara tatu, ya tatu iwe na machozi kwa wale wenye uwezo. Mzee mmoja aliyeshukuru kwa mkono mmoja, kwa kuwa ndio aliokuwa nao, aliombwa akae nyuma.

Bi Mwajabu alinyoosha kidole.

“Samahani, mama. Hicho kisima kinachimbwa lini?”

“Mama yangu, leo ni shukrani,” alisema Madam Perpetua. “Maswali yana siku yake.”

“Siku gani?”

“Awamu ya pili.”

“Mimi mwanangu anajifungua mwezi ujao. Ndiyo maana nauliza.”

Madam Perpetua akapiga kofi moja la furaha. “Mwezi ujao! Na sisi tunazindua mwezi ujao, tarehe kumi. Unaona Mungu anavyopanga?”

Bi Mwajabu akahesabu kwa vidole, nami nikaona uso wake unalegea. Aliamini. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye klabuni walidai yule mama alikuwa mkorofi tangu mwanzo. Alisimama pamoja na wenzake, akakunja magoti, akashukuru mara tatu, na ya tatu ilikuwa na machozi ambayo hakuna aliyemwagiza ayatoe. Siku ile Ngulunde ilitupatia shukrani mia nne na kumi na mbili, nasi tukarudi mjini tukiimba garini.

* * *

Tarehe kumi ilifika na vumbi lake. Mahali pekee palipokuwa tambarare ni barabarani, basi turubai tukalifunga barabarani, na kamba tukazivuta huku na huku ili watu wasipitepite mbele ya Waziri. Barabara hiyo ndiyo njia ya kutoka chemchemi kwenda zahanati. Nyingine hakuna. Hilo halikuwamo kwenye mchoro wa Kamati ya Maandalizi.

Tulifika na magari tisa, na nyuma yetu boza lenye maji ya kujaza pipa. Mtumishi Mkuu alishuka na suti yake nyeupe, akageuka kuyaangalia magari, akashtuka kama aliyeona nyoka. Yalikuwa mekundu tupu.

“Waziri apigwe picha na uchafu huu nyuma yake?” aliuliza. “Yaosheni.”

“Kwa maji gani, mheshimiwa?” dereva wake akauliza.

“Boza lile ni la nini?”

“La pampu, mheshimiwa.”

“Si yatabaki!”

Madereva wa Fadhilani wakiambiwa waoshe, wanaosha. Walipaka sabuni, wakasuuza, wakarudia matairi, wakalala chali kuosha hata chini ambako hakuna kamera ingefika. Watu wa Ngulunde walitoka majumbani na vikombe, sufuria na vifuniko vya ndoo, wakachuchumaa kukinga maji yaliyokuwa yanachuruzika kutoka kwenye boneti. Madam Perpetua alikuja mbio.

“Jamani, nguo! Nguo zenu! Mtapigwa picha na matope hayo?”

Wakarudishwa nyuma ya kamba. Yule mzee wa mkono mmoja akauliza kama maji yaliyosalia yangeweza kumiminwa kwenye tangi la zahanati, pale pale, hatua mia mbili tu. Akaelezwa kwa adabu kwamba msaada usiokuwa kwenye ratiba unavuruga ratiba. Niliandika kwenye daftari langu: “Mwananchi mmoja alitoa mchango wa mawazo.”

Kisha msafara wa Waziri ukaingia, magari matano, nayo mekundu. Tusingeweza kumwoshea Mtumishi Mkuu tukamwacha Waziri. Maji ya mwisho ya boza yaliishia kwenye kioo cha pikipiki ya askari wa msafara, na kioo kile kiling'aa kwelikweli.

* * *

Hotuba zilianza saa tano. Mheshimiwa Waziri wa Hisani na Picha za Pamoja ni msemaji hodari. Alisema maji ni uhai. Alisema yeye mwenyewe ameyatumia mara nyingi. Alisema Serikali inatambua kiu ya wananchi na imeunda kikosi kazi cha kuitambua zaidi.

Wakati huo fundi wetu alikuwa amepiga goti nyuma ya jukwaa, mkono mzima umo ndani ya pipa. Aliutoa mkavu. Akanikonyeza, nami nikamnong'oneza Mtumishi Mkuu, na Mtumishi Mkuu akatokwa na kijasho chembamba. Akamwandikia Waziri karatasi: “Endelea.” Waziri akaendelea. Alisema pia moto ni muhimu, akahamia kwenye hewa.

Hapo ndipo Bi Mwajabu alipotokea kwenye kamba, anasukuma baiskeli yenye madumu mawili yaliyofungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa ameloa jasho mpaka kanga imemganda mgongoni. Alfajiri alikuwa amekuja kwenye pampu, iliyoletwa jana yake, akaikuta imefungwa utepe na askari anailinda, akaambiwa pampu haitoi maji kabla ya saa sita. Uchungu wa Tatu haukuwa na ratiba. Akaenda Lukwale.

“Naombeni njia, wanangu,” alisema. “Tatu yuko kitandani tangu alfajiri. Nesi ananisubiri.”

Mtumishi Mkuu aliyatazama madumu yale, na uso wake ukajaa nuru. Akamwendea mikono imefunguliwa.

“Mama yangu mpenzi! Mungu mwenyewe amekuleta.”

“Aaa, mimi nimekuja na miguu yangu, baba. Nataka kupita tu.”

“Utapita. Tunayaazima maji yako dakika kumi. Tunayatia chini ya pampu, Mheshimiwa anasukuma, na wewe unarudishiwa yaleyale, tena kutoka kwenye pampu mpya! Nani kijijini hapa amewahi kupata heshima hiyo?”

Bi Mwajabu alishika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

“Mheshimiwa, mwanangu anajifungua.”

“Mwanao yuko kivulini, mama,” alisema Mtumishi Mkuu kwa upole. “Waziri yuko juani.”

“Yule wa kwanza alikufa kwa kukosa dumu moja. Nilikwishawaambia. Nyie si mliandika?”

Aliniangalia mimi. Ni kweli, nilikuwa nimeandika: sauti inafaa kwaya.

Askari wawili wakafungua mpira. Mmoja akabeba dumu la kwanza, na la pili nikalipokea mimi. Lilikuwa zito, la baridi, na nilipolikumbatia maji yalitikisika ndani yake kifuani kwangu. Nilimwambia, “Usijali, mama, ni dakika kumi tu.” Nililisema vizuri sana. Klabuni nilikuwa na sifa ya kuzungumza na wanufaika kwa upole.

Mtumishi Mkuu akamchomeka beji kwenye kanga, akatangaza kwamba kuanzia saa hiyo Bi Mwajabu ni Mtumishi wa Heshima. Watu wa meza kuu wakapiga makofi. Watu wa nyuma ya kamba hawakupiga, wakaandikwa majina.

* * *

Waziri alikata utepe, akavua koti, akasukuma mpini. Mara ya kwanza pampu ikakohoa. Mara ya pili ikapiga mluzi. Mara ya tatu maji ya Bi Mwajabu yakaruka nje, na kwaya ikapokea.

Mheshimiwa alinawa kwa sabuni, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Mkewe alinawa. Mkuu wa Wilaya alinawa. Mtumishi Mkuu alinawa uso na shingo, maana kile kijasho kilikuwa kimemtesa. Kisha mpiga picha akanyoosha mkono, akaomba radhi: jua lilikuwa upande mbaya. Wote wakahamia upande wa pili wa pampu, wakanawa upya. Bibi kizee wetu alikinga kikombe, akatabasamu inavyotakiwa, akanywa, akaomba cha pili, akanyimwa.

Kila maji yalipomwagika chini, Bi Mwajabu alikuwa anayafuata kwa macho mpaka mchanga unapoyameza. Sijawahi kuona mtu anayaangalia maji vile. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Ghafla akainua kamba, akapita chini yake na dumu moja mkononi. Askari alitaka kumshika, lakini Madam Perpetua alikuwa keshaona picha.

“Mwache! Mwacheni! Ona furaha hiyo, jamani! Mpigeni picha huyo!”

Bi Mwajabu aliweka dumu chini ya mdomo wa pampu, akaushika mpini, akasukuma. Hakusukuma kama Waziri. Alisukuma kwa mwili mzima, meno yameumana, na maji yakatoka yenye povu la sabuni, yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, halafu pampu ikaanza kukohoa. Aliendelea kusukuma hata baada ya hapo. Dumu lilikuwa limefika nusu. Watu wa meza kuu walisimama kumshangilia.

Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. “Mama, neno moja kwa Mheshimiwa!”

“Nilikuja na madumu mawili,” alisema Bi Mwajabu.

“Anasema amekuja na madumu mawili!” mshereheshaji akapaza sauti. “Nusu haijamtosha, anataka kuchota zaidi! Makofi!”

Makofi yakapigwa. Bi Mwajabu alifunga nusu dumu lake kwenye baiskeli, pamoja na lile tupu, akaondoka anakimbia, na safari hii hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuazima.

Mtumishi Mkuu alinivuta sikio. “Mfuate. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa maji ya pampu yetu! Hiyo ndiyo picha ya jalada.”

* * *

Nesi Skola alikuwa mlangoni, mikono ameiweka mbele, mbali na mwili wake, asiguse kitu. Ilikuwa na damu iliyokauka. Ndani mtoto alikuwa analia.

“Ametoka sasa hivi, wa kiume,” alisema. “Lete maji, Bi Mwajabu, kondo bado. La pili liko wapi?”

“Nimewasaidia masikini,” Bi Mwajabu akajibu. “Nimewakuta wamekwama barabarani.”

Hakunitazama aliposema hivyo. Nilitamani anitazame, ningeweza kujifanya nimekasirika.

Nesi Skola aliinamia dumu, akanusa. “Na hili lina nini?”

“Sabuni ya Waziri.”

Nesi alilipima dumu kwa macho. Alikuwa msichana tu, labda miaka ishirini na sita, na alionekana mchovu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

“Haya hayatoshi wote,” alisema. “Nikishatoa ya mikono yangu, nimwoshe nani? Mama au mtoto?”

Nimeandika kumbukumbu za vikao karibu mia tatu, na katika vikao hivyo vyote maswali yalijibiwa haraka. Hili halikujibiwa haraka. Bi Mwajabu aliangalia ndani, kitandani. Tatu alikuwa amegeuza kichwa upande wetu. Alikuwa amesikia kila neno. Akatikisa kichwa kukubali kabla hata ya kuulizwa.

“Mtoto,” alisema Bi Mwajabu, na sauti ile ya kuita watu wa ng'ambo ilitoka ndogo kabisa.

Niliona aibu. Siipambi, siizungushi. Kamera ilikuwa shingoni kwangu na sikuigusa.

Bi Mwajabu akalichukua lile dumu tupu, akanisukumia kifuani.

“Lukwale ni njia ya kushoto,” alisema. “Baiskeli hiyo hapo.”

Nikaenda. Nilipita katikati ya sherehe, ambako watu wa meza kuu walikuwa wamefikia kwenye pilau, nina viatu vyeupe na dumu la njano, na Madam Perpetua akaniita na paja la kuku mkononi.

“Katibu! Unakwenda wapi na dumu? Huko hakuna mpiga picha!”

Yaliyofuata klabuni nitayamaliza haraka, maana yamo kwenye ripoti ya mwaka. Alhamisi ile nilivuliwa beji mbele ya wanachama wote kwa kosa la kuhudumu bila mgeni rasmi. Pampu ilikwenda matengenezo siku ileile, na Ngulunde wana bango. Mtoto wa Tatu aliandikwa kuwa mnufaika. Homa ya Tatu, iliyomlaza siku kumi na moja mpaka tukadhani hatutakuwa naye, haikuandikwa, kwa kuwa haikupigwa picha. Kombe la Shukrani tulilipata tena. Niseme walilipata.

Lakini ripoti haina habari za alasiri ile. Lukwale nilipanga foleni nyuma ya wanawake kumi na saba ambao hawakunipisha, na hawakuwa na sababu ya kunipisha. Nilianguka na baiskeli mara mbili. Nilirudi zahanati baada ya saa nne, viganja vimechubuka, suti imekuwa rangi ya barabara, na dumu limejaa. Nesi Skola alilipokea, akanawa, akaingia kwa Tatu na kufunga mlango.

Bi Mwajabu alikuwa ameketi kwenye ngazi, mjukuu amelala mapajani mwake ndani ya kanga. Nikaiegemeza baiskeli ukutani. Nikatoa kitambaa, nikajifuta uso. Nikasogea kidogo, pale ambapo angeweza kuniona vizuri, nikasimama.

Muda ukapita. Akainua macho.

“Maji yamefika, baba,” alisema. “Sasa unasubiri nini?”

Nilikuwa nasubiri asante.